Barua ya wazi kwa wenye dhamana: guta jipya linachakaa kabla deni lake halijaisha

Kwa wenye dhamana ya viwanda na biashara, ya viwango vya bidhaa na ya kumlinda mlaji. Na kwa viongozi wa halmashauri zetu huku Kilimanjaro na Arusha.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mfanyabiashara wa ndizi soko la Mbuyuni, Moshi. Nanunua mikungu Uru, juu mlimani Kilimanjaro, mshare kwa wapika mtori na kimalindi kwa wauza matunda, naishusha mjini alfajiri. Kwa miaka tisa nilikuwa nakodi magari ya watu. Machi mwaka jana nikanunua guta langu la injini, yaani pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, jipya, lenye injini ya sisi (cc) 200, kwa shilingi milioni 7 na laki 8. Milioni tatu ilikuwa akiba yangu, iliyobaki ni mkopo wa kikoba. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayeliendesha. Asubuhi linashuka na ndizi, mchana linapanda na majani na mabua kutoka tambarare, maana ng'ombe wa mlimani wanafugwa bandani na majani ya kule juu hayawatoshi. Halishuki tupu wala halipandi tupu. Bila hivyo mkopo haulipiki.

Pamoja na guta nilipewa karatasi ya dhamana: miezi 12 au kilomita 10,000, kitakachotangulia. Kwa sababu ya karatasi hiyo ndiyo nawaandikia. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea, na nimefika mahali pa kusema wazi kwamba kwa mtu wa Moshi anayebeba mzigo, karatasi ile haidhamini kitu. Kila inachotoa mstari wa kwanza inakirudisha mstari wa kumi. Na hakuna aliyewaambia wauzaji kwamba haifai kuandikwa hivyo.

Sitalitaja duka. Sikukusudia kumchafulia mtu jina, na wenzangu sokoni walionunua kwa wauzaji wengine, maguta ya majina mengine, wana habari hiyohiyo na wamepewa majibu yaleyale.

Nina daftari. Kila shilingi iliyoingia kwenye guta lile imeandikwa, na kilomita zake pembeni. Kilomita ya 1,900, mwezi wa nne, mdogo wangu aliniambia, "Dada, mbele kunagonga." Kilomita ya 3,100 steringi ikawa inanasa katikati: ukitaka kukata kidogo inagoma, ukiilazimisha inaruka. Tukaenda kwa fundi tunayemwamini pale Majengo, mzee tunayemwita Meku. Akainua mbele kwa tofali na kipande cha gogo, akafungua uma unaoshika tairi la mbele, akatoa vikombe viwili, cha juu na cha chini, vile ambavyo steringi inazungukia. Akaviosha kwa petroli kwenye kopo la rangi, akavipangusa, akaniwekea kimoja kiganjani.

"Pitisha ukucha hapa, mama."

Nikapitisha. Ukucha ukawa unatumbukia, unatoka, unatumbukia, unatoka. Kila gololi ilikuwa imejichimbia kishimo chake, duara zima, kama alama za meno kwenye embe. Grisi iliyokuwamo humo ndani isingetosha kupaka kidole. Gololi tatu zilikuwa na kutu. Chombo cha miezi miwili na siku kadhaa, kina kutu mahali ambapo hata mvua haifiki.

Meku akanieleza jambo ambalo naomba kila anayehusika na viwango vya vyombo hivi alisikilize, kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko yangu. Pikipiki ya matairi mawili ikikata kona inalala. Dereva analala nayo, na uzito unashuka kupitia uma hadi kwenye tairi, karibu kwenye mstari ule ule. Guta halilali. Lina ekseli na matairi mawili nyuma, kwa hiyo mwili unabaki wima na tairi la mbele linasukumwa ubavuni. Uma unapindwa, beringi za gurudumu zinabanwa upande, na vikombe vya steringi vinapigwa kila kona. Sasa chukua uma ule ule wa pikipiki na gololi zile zile za pikipiki, uzifunge kwenye chombo kinachobeba shehena ya mikungu, uone vitadumu kwa muda gani.

Halafu kuna barabara zetu. Njia za Uru zisizo na lami zimechimbwa mifereji miwili na magari, katikati kuna tuta la mawe na majani. Guta ni jembamba kuliko gari. Tairi moja la nyuma likiingia mferejini, la pili linapanda tuta, na la mbele linatembea ubavuni mwa tuta muda wote likitafuta kuteleza. Dereva anashindana na steringi kutoka juu hadi lami. Na kwa kuwa tunashuka tukiwa na mzigo, kila tukifunga breki uzito wote unakuja mbele, kwenye vikombe vilevile. Hakuna siri hapa. Anayeuza guta Moshi anajua linaenda kupanda mlima. Hatununui ili tuzunguke mnara wa saa.

Wenzetu wa nje wanalijua jambo hili vizuri. Marekani kuna pikipiki kubwa za matairi matatu za kusafiria na kutalii, wanunuzi wake wengi ni watu wazima ambao magoti hayawaruhusu tena kubeba pikipiki ya matairi mawili. Harley-Davidson ilipotoa Tri Glide ya mwaka 2009 iliitengenezea fremu yake yenyewe, haikuchukua pikipiki na kuichomelea ekseli nyuma. Na mafundi wa kule wanaogeuza pikipiki za kawaida kuwa za matairi matatu mara nyingi hubadilisha pembe ya uma wa mbele ili steringi isiwe nzito. Na hizo zinabeba watu wawili na mabegi, kwenye lami. Kama chombo cha kutalii kinafikiriwa kiasi hicho, cha kubeba mzigo mlimani kinastahili kufikiriwa zaidi.

Narudi kwenye dhamana. Nilipiga simu dukani, Arusha. Nikaambiwa nilete chombo, kwa gharama zangu. Guta lenye steringi inayonasa huwezi kuliendesha kilomita 80 barabara kuu na mabasi yanakupita, kwa hiyo nikalipakia kwenye lori la Canter: shilingi 130,000 kwenda, na 130,000 nyingine kurudi. Kijana wa kaunta alikuwa mstaarabu, nikiri hilo. Akanisikiliza, akatazama, akasema, "Mama, hii imefunguliwa na fundi wa nje." Nikamwambia ndiyo, ningejuaje ina nini bila kuifungua? Akaenda ndani akarudi: vikombe ni sehemu za kuisha, haviko kwenye dhamana, ila kwa sababu mimi ni mteja mpya watanisaidia. Wakavibadilisha. Wakanisaidia baada ya siku 19, kwa sababu spea hazikuwapo. Siku zote 19 nilikodi gari la mtu kwa shilingi 35,000 kwa siku. Hesabu ipo daftarini: spea inayouzwa 28,000 imenila 925,000. Na siku zile 19 hazikuongezwa kwenye dhamana yangu. Chombo kilikuwa kwao, saa ya dhamana ikaendelea kutembea.

Kilomita ya 5,600 vikombe vipya vikawa vimekwisha kama vya kwanza. Safari hii nikaambiwa moja kwa moja kwenye simu kwamba hakuna msaada wa pili.

Basi Meku akafanya jambo dogo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko maneno yote niliyoandika hapa. Akatafuta mjini beringi za kipimo kilekile, lakini zenye roli fupi zilizolala mshazari badala ya gololi. Akazijaza grisi kwa kidole hadi ikafurika, akafunga, akakaza kwa kuonja mkono. Beringi 46,000, ufundi 15,000. Leo guta lina kilomita zaidi ya 13,000 na steringi inageuka kama siku ya kwanza. Njia ni ileile ya Uru, dereva ni yuleyule, na mikungu ni ileile. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema barabara zenu mbaya, mnazidisha mzigo, mnaendesha vibaya, namjibu kwamba kilichobadilika ni beringi tu. Spea inayofaa ipo, inauzwa, na haizidi bei ya gunia la mahindi. Aliyeunganisha guta lile aliweka isiyofaa, tena bila grisi, na karatasi ya dhamana ikamlinda yeye.

Kuhusu mzigo, lazima niseme ukweli wote. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kila kaya mlimani inataka saruji, kreti na mbuzi kwa siku moja, tulizidisha. Mara mbili, na tarehe ninazo. Hilo ni kosa letu na sidai chochote kilichoharibika baada ya hapo. Lakini steringi ilikufa Mei. Na ni nani aliyetufundisha uzito? Siku ya kununua niliambiwa kwa mdomo, mbele ya mdogo wangu, "Hili mama tani moja halisikii." Ukutani kuna picha ya guta limepakia hadi limefichika. Ndani ya kitabu chake, ambacho ni cha Kiingereza na Kichina, imeandikwa kilo 500. Tani moja ndiyo iliyomsaidia muuzaji kuuza. Siku nilipodai, ndipo kilo 500 zilipotajwa kwa mara ya kwanza.

Kuna na sharti la sevisi. Dhamana inataka sevisi tatu, ya kilomita 500, 1,500 na 3,000, zote kwa wakala, Arusha. Kutoka Moshi kwenda na kurudi ni kilomita 160. Yaani kati ya kilomita 500 za kwanza, ambazo mashine inatakiwa iendeshwe taratibu, isikazwe wala kulemewa, karibu theluthi moja niitumie barabara kuu kwenda kubadilisha oili. Nilienda zote tatu, mihuri ipo. Jirani yangu sokoni alikosa moja tu, ile ya pili, mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya KCMC. Injini ilipoanza kutoa moshi wa bluu alifungiwa mlango kwa sababu ya muhuri mmoja. Mwingine waya wa mita ya kilomita ulikatika barabarani, nambari ikasimama, akaambiwa amechezea mita.

Sasa niseme lililonifanya niandike leo badala ya kunyamaza kama wengine.

Oktoba, kilomita ya 6,800, mvua za vuli zimeanza. Mdogo wangu anashuka na mzigo, saa 11 alfajiri, giza. Kabla ya kona yenye mashamba ya kahawa upande wa juu na korongo upande wa chini akakanyaga breki. Upande mmoja ukashika, mwingine ukateleza. Guta likavutwa kuelekea korongoni. Alichofanya ni kulirudisha kwa nguvu na kulisukuma kwenye ukingo wa udongo upande wa juu. Lilisimama limeegemea, mikungu imetawanyika njiani. Yeye alichubuka kiwiko. Nilipofika alikuwa amekaa juu ya mkungu, hasemi, mikono inamtetemeka, na pembeni mama mmoja wa kule alikuwa anakusanya ndizi zetu na kuzipanga kwenye majani, bila kuchukua hata moja. Mungu ambariki.

Meku akafungua dramu ya kushoto nyuma. Oili sili ya ekseli ilikuwa imekauka na kupasuka, oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ikapita ikalowesha pedi za breki zote. Pedi zilikuwa nene bado, lakini zinang'aa kwa mafuta. Sili ile ni kipande cha raba chenye ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai. Nikapiga simu dukani, guta lina miezi saba, kilomita ziko ndani. Jibu: raba haziko kwenye dhamana, raba huisha.

Waheshimiwa, mimi najua kitu kuisha ni nini. Pedi za breki zinaisha, tairi zinaisha, cheni, taa, nyaya za klachi. Sijawahi kuyadai hayo wala sitayadai. Lakini sili inayopasuka miezi saba na kumwaga oili kwenye breki haijaisha, imeharibika. Kuziweka pamoja kwenye neno moja, "sehemu za kuisha", ndiko kunakoruhusu kasoro yoyote ya kiwandani kuitwa uchakavu, ilimradi kuna raba au gololi ndani yake. Na kwenye chombo cha matairi matatu, ni wapi hakuna raba au gololi?

Sheria tunazo, nashukuru. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora unaokubalika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemjulisha. Mimi nilimjulisha: ndizi, Uru. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, na ina sehemu nzima juu ya masharti yanayomlinda katika manunuzi. Shirika la Viwango, TBS, lina mamlaka juu ya viwango vya kinachoingia nchini. Kinachokosekana ni daraja la kumfikisha mtu wa Mbuyuni kwenye sheria hizo akiwa na kikombe kibovu mkononi, na mkopo unaodaiwa kila Jumamosi.

Ninachoomba si kikubwa. Dhamana ya chombo chochote cha biashara cha matairi matatu iandikwe kwa Kiswahili, pamoja na uzito wake halali, na uzito huo ubandikwe kwenye bodi ambapo mnunuzi atauona kabla ya kulipa. Siku ambazo chombo kiko kwa wakala zirudishwe kwenye dhamana. Ziwekwe kilomita za chini kwa kila sehemu, hata hizo za kuisha: vikombe vya steringi vikifa kabla ya kilomita kadhaa ihesabike ni kasoro, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Namba hiyo waiweke wataalamu, si mimi wala muuzaji. Maguta mengi huja kwenye makasha yakiwa vipandevipande na kuunganishwa hapa, kwa hiyo aliyeunganisha asaini karatasi kwamba ametia grisi hapa, amekaza hapa, amekagua sili hizi, na nakala nipewe.

La sevisi ni rahisi kuliko yote. Mruhusu sevisi ifanywe na fundi yeyote mwenye cheti, kwa risiti, bila kuvunja dhamana. Marekani sheria yao ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kukufungia dhamana kwa sharti kwamba ununue spea au huduma ya jina fulani, isipokuwa akikupa bure au awe na ruhusa maalumu. Ni zaidi ya miaka 45 sasa na biashara zao hazijafa. Na pakitokea ubishi kati ya mnunuzi na muuzaji, Moshi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, Arusha kuna Chuo cha Ufundi. Walimu wa pale wanaweza kushika kikombe kile na kusema ndani ya nusu saa kama kimekosa grisi au kimelemewa. Wapeni nguvu ya kusema hivyo, na neno lao liwe la mwisho.

Kwa viongozi wa halmashauri nina neno la pekee. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani mnayokopesha bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, sehemu yake inageuka bodaboda, bajaji na maguta. Ni fedha ya umma inayonunua karatasi ileile ya dhamana niliyonayo. Kikundi cha vijana watano chombo chao kikilala siku 19, marejesho yanalala nacho, na baadaye wanaitwa wadaiwa sugu. Ninyi mnanunua au kudhamini vyombo vingi kwa mara moja. Mna sauti ambayo mimi sina. Muuzaji asiyekubali masharti hayo asipate fedha ya halmashauri. Hilo mnaweza kulifanya bila kusubiri kanuni mpya kutoka Dodoma.

Dhamana yangu ilikwisha Januari, kilomita 10,000 zilipotimia. Mkopo umebaki miezi saba. Sidai kurudishiwa 925,000 yangu kupitia barua hii. Vikombe vinne vya steringi na ile oili sili iliyopasuka ninavyo kwenye mfuko mmoja, pamoja na daftari, risiti za EFD na karatasi ya dhamana yenye mihuri mitatu. Mtakayemtuma atanikuta Mbuyuni upande wa ndizi, kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa 12 asubuhi. Aje na ukucha wake, apitishe mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Muuza ndizi na mmiliki wa guta,
Mbuyuni, Moshi